Kompyuta ilibuni nini hasa? Tuisome upya habari ya rangi zinazong'aa zaidi

Kuna sentensi ambayo imekuwa kama salamu kwenye makongamano ya kemia: kwa kutumia kompyuta, tumebuni molekuli inayong'aa zaidi. Utaikuta kwenye mabango, kwenye muhtasari wa tasnifu na kwenye maombi ya fedha za utafiti. Ni sentensi tamu. Inakupa picha ya mtu amekaa mbele ya skrini, anabonyeza kitufe, na molekuli inatoka tayari inawaka.

Leo nataka tuibane kidogo. Sisemi ni uongo. Nasema imebebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake, na anayeumia ni mwanafunzi anayeichukua kama ilivyo na kuijengea tasnifu nzima. Mfano nitakaotumia ni maarufu: makala ya mwaka 2015 kwenye jarida la Nature Methods, kutoka kituo cha utafiti cha Janelia, jimbo la Virginia, Marekani. Humo Jonathan Grimm, Luke Lavis na wenzao walichukua rangi ya zamani ya kuwekea alama seli na kuifanya ing'ae karibu mara tatu zaidi. Nimeichagua kwa sababu ni kazi nzuri. Dai likikosolewa kwenye mfano wake dhaifu, hakuna tunachojifunza. Tulikosoe kwenye mfano wake bora.

Mwangaza ni namba mbili

Molekuli ya floresensi inafanya mambo mawili: inameza mwanga, kisha inautema ukiwa na nishati pungufu kidogo. Ndiyo maana maji ya toniki yenye kwinini yanatoa mng'ao wa bluu ukiyaweka chini ya taa ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti. Kwinini inameza mwanga ambao jicho haliuoni, inatema ambao jicho linauona. John Herschel aliandika kuhusu mng'ao huo mwaka 1845, na George Stokes akaueleza mwaka 1852.

Kwa hiyo ukiuliza "inang'aa kiasi gani?" umeuliza maswali mawili kwa mpigo. La kwanza: inameza mwanga kwa nguvu kiasi gani? Namba yake ni kigawo cha ufyonzaji, na kwa rangi nzuri huwa makumi ya maelfu. La pili: katika kila fotoni 100 zilizomezwa, ngapi zinarudi kama mwanga? Huo ndio ufanisi wa kwantamu, unaoanzia 0 hadi 1. Zidisha namba hizo mbili, unapata mwangaza.

Swali la kwanza kompyuta inalijibu vizuri tu. La pili ndilo lenye kazi, kwa sababu ni swali la mashindano. Molekuli ikishasisimuliwa na mwanga, ina njia zaidi ya moja ya kushuka: kutema fotoni, au kupoteza nishati kama joto. Fikiria ndoo yenye bomba na tundu. Maji utakayokinga hayategemei bomba peke yake. Yanategemea pia tundu ni kubwa kiasi gani. Ufanisi wa kwantamu ni kasi ya bomba ukigawa kwa kasi ya bomba na tundu kwa pamoja. Ukijua habari za bomba tu, hujajua kitu.

Tundu liko wapi?

Kwa rangi za jamii ya rodamini, tundu moja kubwa linafahamika vizuri. Pembeni mwa molekuli kuna atomi za nitrojeni, kila moja imebeba vikundi viwili vya methili. Molekuli ikisisimka, kipande hicho kinaweza kujizungusha kama mlango kwenye bawaba mpaka kisimame karibu nyuzi 90 na mwili wa molekuli. Wakati huohuo elektroni inahama kutoka kwenye nitrojeni kuingia kwenye mwili huo. Hali hiyo iliyopinda haitoi mwanga wa maana. Nishati inaishia kuwa joto, na fotoni yako imepotea.

Wazo la hali hii iliyopinda lililetwa mwaka 1973 na Zbigniew Grabowski, Krystyna Rotkiewicz na wenzao huko Poland, wakijaribu kueleza molekuli nyingine ambayo ilikuwa inatoa mwanga wa aina mbili badala ya mmoja. Nao watu wa leza za rangi, miaka hiyohiyo ya 1970, walikuwa na ushahidi wao mezani. Rodamini 101 ni rangi ambayo nitrojeni zake zimefungwa kwa pete pande zote mbili zisiweze kuzunguka, na ufanisi wake unakaribia 1. Rodamini B, ambayo nitrojeni zake ziko huru, hufifia kadiri unavyoipasha joto.

Tarehe hizo tuziweke akilini. Wazo kwamba ukiuzuia mlango usizunguke mwanga unaongezeka lilitoka kwenye chupa na spektrometa, siyo kwenye kompyuta.

Sasa mbona tusitumie kufuli la rodamini 101 kila mahali? Kwa sababu linaongeza ukubwa wa molekuli na kuisogeza rangi yake kuelekea nyekundu. Mtu wa biolojia ana leza yake na vichujio vyake tayari kwenye hadubini. Anataka rangi ileile, ing'ae zaidi, idumu zaidi, na iweze kupenya ndani ya seli iliyo hai. Hilo ni ombi gumu.

Kaboni mbili tu

Grimm na wenzake walianza na tetramethilirodamini. Kwenye kila nitrojeni waliondoa methili mbili na kuweka azetidini, pete ndogo ya pembe nne yenye nitrojeni moja na kaboni tatu. Methili mbili ni kaboni mbili, pete ni kaboni tatu, na nitrojeni ziko mbili. Jumla ya nyongeza kwenye molekuli nzima: kaboni mbili.

Tazama kilichotokea. Rangi ya zamani inameza mwanga kwenye nanomita 548, mpya kwenye 549. Yaani rangi haikusogea. Kigawo cha ufyonzaji kilipanda kutoka karibu 78,000 hadi 101,000. Ufanisi wa kwantamu ulipanda kutoka 0.41 hadi 0.88. Ukizidisha, mwangaza umetoka kama 32,000 hadi 89,000, karibu mara 2.8. Rangi hiyo leo inajulikana kama Janelia Fluor 549.

Lakini sehemu ninayoipenda ni pale walipojaribu pete nyingine. Ya pembe tano ilifikisha ufanisi wa karibu 0.74. Ya pembe sita ikaanguka hadi karibu 0.10, chini kabisa ya rangi waliyoanza nayo. Kama ulikuwa unafikiri pete yoyote inaufunga mlango, hapo ujue mambo si rahisi hivyo. Pete ya pembe sita imeufungua zaidi.

Basi, kompyuta ilifanya nini katika hadithi hii? Waandishi wenyewe wanasema walipata msukumo kutoka kwenye umodeli wa molekuli. Msukumo! Hilo ni neno la watu waangalifu. Hesabu zilidokeza kwamba pete finyu zingefanya kujipinda kuwe na gharama kubwa: nitrojeni iliyobanwa kwenye pete ndogo inang'ang'ania elektroni zake zaidi, kwa hiyo kuihamisha elektroni kunakuwa kugumu. Kwa mantiki hiyo pete ya pembe tatu, aziridini, nayo ingekuwa mgombea mzuri. Ila aziridini ina mkazo mkubwa, na mtu yeyote aliyewahi kushika usanisi wa kemikali hai anajua pete hiyo inavyopenda kufunguka. Kuisimamia pete ya pembe nne kunadai mtu anayejua kipi kinatengenezeka na kipi kitadumu. Halafu ilibidi mtu asimame maabara, aitengeneze, aisafishe, aipime. Namba 0.88 ilitoka kwenye kipimo.

Mwaka uliofuata, 2016, Xiaogang Liu, Zhaochao Xu na wenzao walionyesha kwenye jarida la Kikemia la Marekani, JACS, kwamba aziridini inaongeza sana mwangaza na uimara wa rangi za naftalimidi, na kwamba inafanya hivyo pia kwenye familia nyingine kama kumarini. Kanuni ni ileile, ya kuzuia kupinda, lakini pete iliyochaguliwa ni tofauti na familia ya rangi ni tofauti. Kanuni inakuonyesha mlango wa kugonga. Haikuhakikishii nani yuko ndani.

Kwa nini kompyuta isingeweza kutoa ile 0.88

Hapa ndipo ukosoaji wangu unaposimama, na tunaweza kuupima kwa hesabu ya kawaida.

Njia inayotumika zaidi kwa hali zilizosisimka ni ile ya msongamano wa elektroni unaotegemea wakati, ambayo wenyewe huiita TD-DFT. Msingi wake wa kinadharia uliwekwa na Erich Runge na Hardy Gross mwaka 1984. Ni njia nzuri, haina gharama kubwa, na kosa la elektronivolti 0.2 hadi 0.3 ni jambo la kawaida kwake. Je, 0.2 ni ndogo? Mwanga wa nanomita 550 una nishati ya elektronivolti 2.25. Ongeza 0.2, unafika nanomita 505, kijani. Punguza 0.2, unafika kama 604, rangi ya chungwa. Kwa rangi, kosa hilo linavumilika, kwa sababu ndani ya familia moja makosa huelekea upande mmoja na unaweza kuyasahihisha kwa kulinganisha na rangi zilizokwisha kupimwa.

Sasa njoo kwenye tundu. Kasi ya kujipinda inategemea kilima cha nishati ambacho molekuli inabidi ikipande, na utegemezi wenyewe ni wa kipeo. Kwenye joto la chumba, ukikosea urefu wa kilima kwa elektronivolti 0.1 tu, kasi unayoipata inakosea karibu mara 50. Tuseme molekuli yetu inatema fotoni kwa kasi ya milioni 200 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya kawaida kwa rangi nzuri, na tundu nalo linavuja kwa kasi hiyohiyo. Ufanisi wake ni 0.5. Hesabu yako ikishusha kilima kwa 0.1 kimakosa, utatabiri 0.02. Ikikipandisha kwa 0.1, utatabiri 0.98. Molekuli ni moja, programu ni moja, na jibu linaweza kuwa "giza" au "bora duniani". Kosa lenyewe ni nusu ya lile tulilosema ni la kawaida.

Ongeza na hili: hali iliyopinda ni hali ya kuhamisha elektroni, na hapo ndipo matoleo mengi ya kawaida ya TD-DFT yanapojulikana kwa kuyumba. Huwa yanaiona nishati ya uhamisho wa elektroni kuwa ndogo kuliko ilivyo, yaani yanachora tundu pale ambapo pengine halipo. Kuna matoleo yaliyorekebishwa kwa ajili ya tatizo hili, na anayefanya kazi kwa umakini huyatumia na kueleza kwa nini. Bado kuna maji kuizunguka molekuli, bado kuna protini inayoibana. Baadhi ya rangi za ukoo huohuo, kama Janelia Fluor 646, kwenye maji nyingi hukaa zikiwa zimejikunja bila rangi, na hufunguka zikishikwa na protini lengwa. Ukihesabu molekuli iliyo peke yake kwenye ombwe, hadithi yote hiyo inakupita.

Kwa hiyo nikisikia "kompyuta ilitabiri mwangaza", swali langu ni: ilitabiri namba, au ilipanga foleni? Kupanga foleni inaweza. Ukiwa na molekuli kumi za familia moja, unachora nishati ya kila moja jinsi kifungo kinavyozunguka kutoka nyuzi 0 hadi 90, unaziona ambazo mteremko wake unaelekea kwenye hali iliyopinda na ambazo zinakutana na kilima. Hizo za mteremko unaziacha. Umeokoa miezi ya maabara. Hiyo ni kazi ya heshima kabisa, na sioni kwa nini tuione aibu kuiita kwa jina lake: mchujo.

Majedwali ya HOMO na LUMO

Sasa nigeukie aina ya kazi inayonikera, na ambayo ukipita kwenye rafu za tasnifu utaikuta. Mtu anachukua molekuli tano, anabadilisha kikundi hapa na pale, anaendesha hesabu ya hali ya chini, anatoa jedwali la pengo kati ya HOMO na LUMO, yaani kati ya ngazi ya juu yenye elektroni na ngazi ya chini iliyo tupu. Halafu hitimisho: molekuli ya nne ina pengo dogo, hivyo inafaa kwa taa, hadubini na vihisishi. Kwaheri.

Rudi kwenye mfano wetu. Tetramethilirodamini na ile ya azetidini zinameza mwanga kwenye 548 na 549. Pengo linalokupa habari ya rangi haliwezi kukutenganishia hizo mbili. Kwenye jedwali hilo zingekuwa mapacha. Kwenye hadubini moja inang'aa karibu mara tatu ya mwenzake. Yaani jedwali limeikosa sayansi yote iliyokuwamo.

Na pengo lenyewe hata si nishati ya kusisimua, kwa sababu elektroni iliyopanda na nafasi iliyoiacha vinavutana, na mvutano huo haumo kwenye tofauti ya ngazi mbili. Anayetaka rangi ahesabu hali iliyosisimka. Anayetaka mwangaza ahesabu angalau njia moja ya kuvuja. Kama hajagusa tundu, asiseme neno lolote kuhusu ndoo.

Najua utetezi: muda ni mfupi, kompyuta ni laptopu, msimamizi anataka matokeo. Nakubali. Lakini mchoro wa kuzungusha kifungo kimoja, hatua kumi za nyuzi kumi kumi, kwa molekuli ya ukubwa wa kumarini, unawezekana kwenye mashine ya kawaida. Ni kazi ya ziada ya siku kadhaa, na inageuza jedwali kuwa hoja.

Hili linatuhusu vipi sisi

Kemia ya kompyuta ni moja ya milango michache ya utafiti ambayo mwanafunzi wa Afrika Mashariki anaweza kuingia bila kusubiri kemikali zikwame bandarini. Programu kama Quantum ESPRESSO ni ya bure kwa yeyote, na ORCA ni ya bure kwa matumizi ya vyuo. Shule ya Afrika ya mbinu za muundo wa elektroni, ASESMA, ilianza Cape Town mwaka 2010, na mwaka 2012 ikafanyika Eldoret, Kenya. Kwa hiyo vijana wetu wataendelea kuingia humu. Swali ni watatoka na nini.

Na floresensi si anasa ya maabara za Virginia. Kwenye maabara zetu za kifua kikuu, makohozi hupakwa auramini na kutazamwa kwa hadubini ya taa ya LED, njia ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2011. Bakteria wanaonekana kama vijiti vinavyong'aa kwenye giza, hata kwa ukuzaji mdogo, kwa hiyo mtaalamu anapitia slaidi haraka kuliko kwa njia ya zamani. Auramini yenyewe ni wa ukoo wa hawahawa wanaojizungusha: kwenye maji ni hafifu sana, ikibanwa mahali isipoweza kujipinda inang'aa. Fizikia ya mlango na bawaba imo kwenye slaidi ya mgonjwa wa Mwanza au Kisumu. Tasnifu iliyoahidi "rangi bora ya utambuzi" bila kugusa bawaba hiyo haijamsaidia mtu yeyote kwenye foleni ya maabara, na msomaji wake wa kawaida hana namna ya kugundua.

Kama sasa hivi unaandika kazi ya aina hii, jiulize mambo manne kabla ya kuandika neno "bora". Nimehesabu hali iliyosisimka, au ya chini tu? Nimetaja tundu ninaloliogopa, na nimelihesabu? Kosa la njia yangu ni kiasi gani, na hitimisho langu linasimama nikilisogeza kwa kiasi hicho? Kuna rangi iliyokwisha kupimwa ambayo hesabu yangu imeipanga mahali pake? Tetramethilirodamini na pete zake ni mtihani mzuri wa kuanzia: ufanisi wake umekwisha kupimwa na kuchapishwa, na pete ya pembe sita iko pale kumwangusha kila anayedhani amemaliza. Hesabu yako ikiipanga hiyo mwisho wa foleni bila kuambiwa, hapo tutakaa tukusikilize.